MAISHA YA CHARLES WALCOTT, MSOMAJI WA MAWE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya wafalme, mabaharia na watu waliopigania uhuru wa nchi zao. Muhula huu naomba ruhusa niwasimulie habari za mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupasua mawe. Nilimfahamu kwa bahati tu. Siku moja mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha picha ya mwamba uliokatwa bapa, wenye miviringo ndani ya miviringo, nasi sote tukasema kwamba ile ni kabichi iliyopasuliwa kwa kisu. Darasa zima likacheka. Mwalimu alingoja tumalize kucheka, kisha akatuambia kwamba kabichi ile ina umri wa miaka yapata milioni 490, na kwamba ilikua chini ya bahari mahali ambapo leo ni nchi kavu, katika jimbo la New York huko Marekani. Jioni ile nilikwenda maktaba, na huko ndiko nilikokutana na Bwana Walcott.

Charles Doolittle Walcott alizaliwa tarehe 31 Machi 1850 katika kijiji cha New York Mills, karibu na mji wa Utica. Baba yake alikufa mwaka 1852, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili tu, akalelewa na mama yake pamoja na ndugu zake. Alisoma shule za Utica, lakini akaziacha mwaka 1868 bila kupata cheti chochote. Hakurudi shuleni tena, wala chuo kikuu hakukisomea hata siku moja. (Mwalimu mkuu asidhani kwamba nawashawishi wenzangu. Mtihani wetu uko pale pale, na Bwana Walcott aliishi zamani zile, tena alisoma usiku na mchana kuliko sisi sote tunaopigiwa kengele.) Kwa muda alifanya kazi ya kuuza vitu katika duka la vifaa vya chuma.

Lakini moyo wake haukuwa dukani. Tangu utoto alikuwa akienda wakati wa likizo kwenye shamba la Bwana William Rust, karibu na maporomoko ya Trenton Falls. Miamba ya huko imejaa visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale waliogeuka mawe, na hasa mnyama mmoja wa bahari aitwaye trilobiti. Mnyama huyu alifanana kidogo na jongoo aliyepigwa bapa, mwenye ngao kichwani na pingili mgongoni. Alitoweka duniani zamani sana, kabla hata ya mijusi mikubwa tunayoiona katika vitabu.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, umri wangu mimi, Walcott aliokota njiani karibu na Trenton Falls jiwe la mchanga lililokuwa limeletwa na barafu kuu ya kale kutoka mbali. Alipolipasua akaona trilobiti wasiofanana na wale aliowazoea. Akafahamu kwamba jiwe lile ni kongwe kuliko miamba ya pale. Wengi tungalilitupa, lakini yeye aliamua siku zile kwamba atajifunza miamba iliyo mikongwe kuliko yote yenye viumbe, na uamuzi huo hakuuacha mpaka kufa.

Mwaka 1872 alimwoa Lura, dada wa Bwana Rust, akakaa shambani akilima na kuchimba. Mwaka uliofuata mkusanyo wake ulinunuliwa na mtaalamu maarufu Louis Agassiz kwa ajili ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Walcott akapata fedha, na zaidi ya fedha akapata tumaini la kwenda kusoma chini ya mzee huyo. Bahati haikuwa yake. Agassiz alifariki Desemba ya mwaka ule ule, na mapema mwaka 1876 mkewe Lura naye akafariki.

Mwaka huo huo, akiwa mjane wa miaka ishirini na sita, alipata kazi ya usaidizi kwa James Hall, mtaalamu mkuu wa visukuku wa jimbo la New York. Hall alikuwa mzee mkali, wala kufanya kazi chini yake halikuwa jambo jepesi. Huko Walcott alifanya jambo lililompa jina. Wataalamu walikuwa wakibishana kama trilobiti alikuwa na miguu au la, maana mawe yalionyesha mgongo tu. Walcott akawakata trilobiti kama mtu akatavyo mkate, vipande vyembamba mno hata mwanga ukapita, akavitazama kwa darubini. Miguu ilikuwepo, tena mingi, imejificha ndani ya jiwe. Yalikuwa mazoezi ya subira ya miaka kadhaa, nami nadhani hapo ndipo alipojifunza kutokuamini sura ya nje ya jiwe.

Sasa turudi kwenye kabichi. Magharibi ya mji wa Saratoga Springs kuna mwamba wa chokaa ambao barafu kuu iliyopita juu yake iliukata vichwa ukawa laini kama sakafu. Juu ya sakafu hiyo imetandaa miviringo mingi, mmoja ubavuni mwa mwingine. Mwaka 1883 James Hall aliyapa mawe hayo jina la *Cryptozoon*, maana yake mnyama aliyefichika. Alikosea kidogo, kwani hayakujengwa na mnyama, lakini aliona vema kwamba palikuwa na uhai pale. Leo mawe ya namna hiyo huitwa stromatoliti, na jina hili lilitokana na mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Kalkowsky, mwaka 1908.

Yafaa nieleze jinsi yanavyojengwa, kwa kuwa bila hayo maisha ya Walcott hayaeleweki. Sisi tuliokaa nchi zenye pwani twajua kwamba matumbawe hujenga miamba baharini, na kwamba watu wa pwani tangu kale walijengea nyumba na misikiti kwa mawe hayo na kuyachoma wapate chokaa. Basi kabla matumbawe hayajakuwako, walikuwako mafundi wengine, wadogo hata jicho halimwoni mmoja mmoja. Ni bakteria wa rangi ya kijani na buluu, ambao kama majani hutumia mwanga wa jua kujipatia chakula. Hukaa pamoja kwa mamilioni, wakafanya utando wa ute juu ya sakafu ya maji. Punje za mchanga na tope zinapopita hunasa katika ute huo. Kadhalika, wanapovuta hewa ya kaboni kutoka majini, chokaa iliyoyeyuka huganda. Utando ukifunikwa, bakteria hupanda juu kutafuta mwanga, wakaanza utando mwingine. Tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kichuguu cha mawe huinuka. Mchwa wetu nao hujenga vichuguu, lakini mchwa humaliza kazi yake kwa miaka michache. Mafundi hawa huenda chini ya milimita moja kwa mwaka.

Mwaka 1879 Walcott aliajiriwa na Idara ya Jiolojia ya Marekani, iliyokuwa imeanzishwa mwaka huo huo. Mkubwa wake akawa baadaye John Wesley Powell, yule mtu mwenye mkono mmoja aliyepita kwa mashua katika korongo kuu la Grand Canyon mwaka 1869. Novemba 1882 Powell alimpeleka Walcott chini ya korongo hilo, wakitengeneza njia mpya ya kuteremkia. Powell akarudi, Walcott akabaki na watu wachache na nyumbu wa kubeba mizigo, wakakaa huko majira yote ya baridi. Theluji ilifunga njia za juu. Chini kulikuwa na kuta za mawe pande zote, maelfu ya mita za matabaka yaliyolazwa kabla ya kipindi kiitwacho Kambria.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Sababu ilikuwa swali kubwa la wakati ule. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alikiri shida moja iliyomsumbua. Katika miamba ya Kambria wanatokea trilobiti na viumbe wengine wengi, wote wamekamilika, na chini yao hakuna kitu. Kama viumbe hubadilika polepole, wako wapi wazee wa trilobiti? Wakosoaji wa Darwin walilishika sana jambo hili, na halikuwa na jibu.

Jibu moja lilikuwa limekwisha jaribiwa likaaibika. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Kanada, J. W. Dawson, alitangaza kwamba amepata kiumbe katika mawe makongwe sana ya nchi yake, akakiita *Eozoon*, yaani mnyama wa alfajiri. Watu walishangilia. Baadaye ikadhihirika kwamba mistari ile ilifanywa na joto na madini tu, wala uhai haukuhusika. Tangu hapo mtu yeyote aliyeleta jiwe lenye mistari akadai ni kiumbe alichekwa, kama sisi tulivyocheka darasani, ila wao walicheka kwa sababu.

Walcott alilijua hilo alipoteremka korongoni. Huko katika mawe ya Chuar aliona mawe yenye matabaka yaliyojikunja kwa mfano wa yale ya Saratoga. Aliona pia vijiduara vidogo vyeusi, vingine havizidi upana wa milimita chache. Mwaka 1899 alivipa jina la *Chuaria*, akadhani ni magamba ya mnyama mdogo. Hakuwa mnyama. Leo wataalamu wanaona vilikuwa viumbe vidogo vilivyoelea majini, jamaa wa mwani, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Kwa hiyo maelezo yake yalikosea, bali jambo lenyewe lilikuwa kweli: alikuwa ameshika mkononi kiumbe halisi kutoka kabla ya Kambria.

Habari za vyeo vyake nitazipita upesi. Mwaka 1894 alifanywa mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia, na mwaka 1907 akawa mkuu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, kazi aliyoishika mpaka kufa. Tangu 1917 hadi 1923 alikuwa rais wa Chuo cha Taifa cha Sayansi. Kijana asiye na cheti alikaa mezani na marais wa nchi. Lakini kila mwaka, majira ya joto yalipofika, alifunga mizigo akaenda milimani na nyundo yake.

Ni katika safari hizo kwamba mwishoni mwa Agosti 1909, milimani mwa British Columbia huko Kanada, alipata hazina iliyomfanya ajulikane dunia nzima, mawe yaitwayo Burgess Shale. Vitabu vingi husimulia kwamba farasi wa mkewe aliteleza njiani akageuza jiwe, na ndani ya jiwe ndimo visukuku vilipoonekana. Hadithi hiyo ni tamu, ila haikubaliani na shajara yake mwenyewe. Mawe hayo, ya miaka yapata milioni 508, yalihifadhi hata viungo laini vya wanyama wa bahari, waliofunikwa na tope chini ya ukuta mrefu wa chokaa. Alikusanya zaidi ya vipande 65,000. Hata hivyo hakuwa na nafasi ya kuvichunguza sawasawa, akawatia wanyama wale katika makundi yaliyojulikana tayari. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa Cambridge, wakiongozwa na Harry Whittington, walivifungua upya wakaona kwamba wengi hawakuingia katika makundi hayo. Wengine humlaumu sana kwa hilo. Mimi namwonea huruma kidogo, kwa sababu nimesoma mambo yaliyompata miaka ile ile.

Alikuwa ameoa tena mwaka 1888, mke wake Helena akamzalia wana watatu na binti mmoja, na mama huyo na watoto walizoea kuchimba pamoja naye. Julai 1911 Helena alikufa katika ajali ya garimoshi huko Bridgeport, Connecticut. Mwaka 1913 mwanawe wa kwanza alifariki kwa maradhi. Desemba 1917 mwana mwingine, Stuart, rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliangushwa na ndege yake huko Ufaransa. Mwaka 1914 Walcott alikuwa amemwoa Mary Vaux, mchoraji hodari wa maua ya porini, naye akawa mwenzi wake wa milimani kwa miaka iliyobaki.

Kati ya misiba hiyo, mwaka 1914, alitoa kitabu chake juu ya mwani wa kabla ya Kambria. Alikuwa amechunguza mawe ya chokaa ya Belt, huko Montana, ambayo leo yahesabiwa kuwa na umri wa miaka yapata milioni 1,400. Yalikuwa yamejaa vichuguu vya matabaka. Safari hii hakusema ni mnyama. Alifanya jambo la akili: aliyalinganisha na mawe madogo ya duara yanayojengwa hata leo na mwani wa kijani na buluu katika maziwa na vijito vya maji baridi. Aliona matabaka yale yale, mjengo ule ule. Akasema wazi kwamba vichuguu vya Montana vilijengwa na jamaa wa viumbe hao, akayapa baadhi yao jina la *Collenia*. Mwaka 1915 akatangaza kwamba ameona hata bakteria wenyewe ndani ya mawe hayo.

Ni lazima niseme ukweli wote. Baadhi ya maumbo aliyoyapa majina katika kitabu kile yalionekana baadaye kuwa ni chokaa iliyojipanga yenyewe, hapakuwa na kiumbe. Tena aliamini kwamba mawe ya Belt yalilazwa katika maziwa, na kwamba bahari zote zilikuwa zimekimbia mbali na nchi kavu kabla ya Kambria, zikaondoka na mabaki ya wazee wa trilobiti. Dhana hiyo imeachwa. Makosa haya yaliwapa wapinzani silaha.

Walcott alifariki tarehe 9 Februari 1927, mjini Washington. Miaka minne baadaye, mwaka 1931, Profesa A. C. Seward wa Cambridge, aliyekuwa mkubwa katika elimu ya mimea ya kale, aliandika kwamba mawe ya *Cryptozoon* na mfano wake hayana ushahidi wa kutosha kuwa yalifanywa na viumbe. Alitaka aonyeshwe chembe zenyewe. Neno la mtu kama huyo lilikuwa zito. Kwa miaka ishirini na zaidi vijana wengi waliogopa kuligusa jambo hili, na Walcott akabaki kaburini akihesabiwa kwamba katika hili alidanganywa na mistari, kama Dawson kabla yake.

Kisha ushahidi ukatokea pande mbili. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walieleza juu ya mawe ya Gunflint, karibu na Ziwa Superior huko Kanada. Mawe magumu mfano wa gumegume yaliyokuwa ndani ya stromatoliti za miaka milioni 1,880 yalikatwa vipande vyembamba, kama Walcott alivyowakata trilobiti wake, na ndani ya vipande zilionekana nyuzi na chembe za viumbe waziwazi. Miaka ile ile ya 1950 wanajiolojia walifika Hamelin Pool katika ghuba ya Shark Bay, magharibi ya Australia. Maji ya huko yana chumvi mara mbili ya bahari ya kawaida, hata konokono walao utando wa bakteria hawawezi kustawi. Wakakuta vichuguu vya mawe vimesimama majini, mamia kwa mamia, na juu yake utando ulio hai, ukijenga. Brian Logan aliandika habari zake mwaka 1961. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kwamba mawe ya namna hii hayajengwi na viumbe.

Leo stromatoliti zimepatikana Australia zenye umri wa miaka yapata milioni 3,400, na wataalamu wengi wanazihesabu kuwa miongoni mwa dalili kongwe za uhai duniani. Bakteria hao wa kijani na buluu ndio walioijaza hewa yetu oksijeni, kidogo kidogo, kuanzia yapata miaka milioni 2,400 iliyopita. Wazee wa trilobiti aliowatafuta Darwin walikuwa na watangulizi waliojenga milima midogo kwa muda mrefu kuliko umri wa wanyama wote.

Tena si lazima twende Australia. Kandokando ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi kuna stromatoliti za kale zilizoachwa juu ya maji ya leo, nazo zawaonyesha wataalamu jinsi maziwa hayo yalivyokuwa yamejaa zamani. Na katika Ziwa Tanganyika, tangu miaka ya 1980 watafiti wameandika juu ya mawe ya chokaa yaliyojengwa na viumbe wa namna hii karibu na ufuko. Nyumbani kwetu ni Kigoma. Tangu utoto nimeogelea ziwani pale na kukwaruza magoti kwenye mawe yenye ganda jeupe, wala sikuwahi kuuliza ganda lile limetoka wapi. Huenda ni kitu kingine kabisa. Nimekwisha mwandikia babu barua kumwomba nyundo yake kwa ajili ya likizo, naye amejibu kwamba nitaipata iwapo nitaeleza kwanza nataka kuvunja nini.